Jinsi ya kuielewa ofsaidi hatua kwa hatua, kwa vizibo vya soda na punje ya mhindi

Kabla hujaendelea kusoma tafuta vizibo vya soda nane hivi, vinne vya rangi moja na vinne vya rangi nyingine, na punje moja ya mhindi. Kama uko karibu na ziwa kaa chini mchangani, kama uko nyumbani meza inatosha. Nasema hivi kwa sababu ofsaidi (ile sheria ya mpira inayomzuia mshambuliaji kujitanguliza golini kwa wapinzani kusubiri pasi) ukielezwa kwa mdomo tu inaingia sikio hili inatokea lile, ila ukiichezesha kwa mkono wako mara tatu nne haitoki tena kichwani. Mi vijana wanaotaka kujifunza kushika kibendera kwenye mechi za mchangani huku Ujiji, Kigoma, nawaanzishia hapo hapo chini, vizibo na punje ya mhindi, kabla hata hawajakigusa kibendera chenyewe.

Sisi huku mwisho wa reli mpira tunaupenda kweli kweli, toka timu yetu ya Mashujaa wapande ligi kuu ukienda pale uwanja wa Lake Tanganyika siku ya mechi unakuta jukwaa zima ni waamuzi, mpira haujatua bado watu washasimama "ameotea huyooo!" na nusu yao hawako sahihi. Hawana ubaya, wanaangalia tu sehemu siyo. Macho yao yako kwa anayepokea mpira wakati jibu liko kwa anayeupiga. Kwahiyo kama kuna kitu kimoja nataka ukishike kwenye mwongozo huu wote ni hiki, ofsaidi inaamuliwa pale mguu wa mpigaji unapougusa mpira, pale mpira unapofika ni habari nyingine kabisa.

(Ofsaidi na kuotea ni kitu kile kile, mtangazaji wa redio atasema ameotea, mtaani tunasema ofsaidi, nitachanganya yote.)

HATUA YA KWANZA: chora uwanja

Chora boksi refu, mstari wa kati katikati, na mistari miwili ya goli kule mwisho. Mstari wa goli ni ule wote unaotoka kibendera cha kona mpaka kibendera cha kona kingine, usifikirie ni pale katikati ya miwamba tu. Hilo ni muhimu kwa sababu umbali wote tunaoupima kwenye ofsaidi tunapima kuelekea mstari huo, hata kama mchezaji yuko pembeni kabisa huko kwenye winga.

Weka vizibo vyekundu vinashambulia, vyeupe vinakaba. Kizibo kimoja cheupe ni kipa, kikae golini. Punje ya mhindi ndo mpira.

HATUA YA PILI: uliza maswali matatu

Mchezaji anahesabika yuko kwenye eneo la kuotea akikutwa na mambo matatu kwa pamoja. La kwanza yuko nusu ya uwanja ya wapinzani. La pili yuko mbele ya mpira, yani yeye yuko karibu zaidi na mstari wa goli la wapinzani kuliko mpira wenyewe. La tatu kati yake na huo mstari wa goli wapinzani waliobaki hawafiki wawili. Likikosekana hata moja huyo yuko salama na wewe kaa chini.

Zicheze hizo kwa vizibo moja moja. Weka chekundu kwenye nusu yake mwenyewe, weupe wote wapeleke mbele kama wameenda kupiga kona, hata kama hakuna mpinzani hata mmoja kati ya chekundu na goli la weupe, chekundu hajaotea kwa sababu hajavuka mstari wa kati (na mstari wenyewe hauhesabiki kuwa nusu ya wapinzani, ukisimama juu yake uko kwenu). Afu weka chekundu golini kabisa lakini punje ya mhindi iko mbele yake, mfano winga kaingia na mpira mpaka mstari wa mwisho akaurudisha nyuma kwa straika, hapo hata kama mabeki wote wamelala chini hamna ofsaidi, straika alikuwa nyuma ya mpira.

Akiwa sawa sawa na beki? Salama. Akiwa sawa na mpira? Salama. Hapo watu wa umri wa baba zangu huwa wanabishana na mimi sana, na wana sababu yao, maana zamani kuwa sawa na beki ilikuwa ni kuotea, wakaja kubadilisha mwaka 1990. Kwahiyo mzee akikwambia "enzi zetu hilo lilikuwa ofsaidi" mheshimu, anasema kweli, sheria ndo imehama.

Viungo vinavyopimwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu. Mikono haihesabiki, iwe ya mshambuliaji, ya beki au ya kipa, na mkono unaanzia chini ya kwapa, bega linahesabika. Ndo maana kwenye tivii unaona goli limefutwa kwa sababu ya bega au goti au ncha ya kiatu.

Sasa swali la tatu ndo linalowaangusha wengi kwa sababu tumezoea kusema "beki wa mwisho". Sheria haijataja beki wala haijataja kipa, imesema wapinzani wawili wa mwisho. Kwa kawaida mmoja wao ni kipa kwa vile kipa anakaa golini, kwahiyo tunahesabu beki mmoja tu na hesabu inakubali. Ila kipa akitoka, hesabu inabadilika na hapo ndo jukwaa linachanganyikiwa. Chukua mechi ya kwanza ya kombe la dunia kule Qatar tarehe 20 Novemba 2022, Qatar na Ecuador, dakika ya tatu tu Enner Valencia kapiga kichwa kafunga, dunia nzima inashangilia, goli likafutwa. Watu wengi niliokaa nao siku ile hawakuelewa kabisa maana waliona kuna Mqatari kasimama kule nyuma. Ndiyo alikuwepo, lakini alikuwa mmoja. Kipa alikuwa ametoka golini kuufuata mpira, na mguu wa Michael Estrada kwenye maandalizi ya lile goli ulikuwa umempita mpinzani wa pili kutoka mwisho. Panga vizibo hivyo hivyo: kipa msogeze mbele, mweupe mmoja abaki nyuma, chekundu katikati yao. Ukiona hilo kwa macho yako umeshaelewa kuliko nusu ya jukwaa.

HATUA YA TATU: gandisha picha mguu ukigusa mpira

Hapa nitakaa kidogo, nivumilie.

Yale maswali matatu huyaulizi muda wote, unayauliza sekunde moja tu, pale mchezaji mwenzake anapougusa mpira. Mguso wa kwanza wa ile pasi. Fikiria una simu unarekodi video, mguu ukigusa mpira unabonyeza kusimamisha, picha ikiganda ndo unapima nani yuko wapi. Baada ya hapo mpira ukiwa hewani straika akimbie awezavyo, awapite mabeki kumi, akutane na kipa peke yake, halali yake. Na kinyume chake pia, kama kwenye ile picha alikuwa ameotea afu akarudi nyuma kuufuata mpira akaupokelea hata nusu yake mwenyewe, ameotea, kurudi hakumsafishi. Ndo maana ule msemo wa "pasi ya nyuma haina ofsaidi" usiuamini moja kwa moja, mtu anaweza kuwa mbele ya mpira wakati unapigwa afu akaurudia, hapo kosa lipo pale pale.

Kwanini macho yanatudanganya hivi? Piga hesabu. Straika anayekimbia mita 7 kwa sekunde, ndani ya nusu sekunde kashasogea mita 3 na nusu. Na mabeki wakiwa wanapanda juu kwa wakati huo huo kuweka mtego, pengo linazidi kuwa kubwa. Kwahiyo mtu aliyekuwa sawa na beki wakati pasi inapigwa, ukija kumwangalia pale mpira unapofika unamkuta yuko peke yake kama kasahauliwa na wenzake. Lazima ukasirike kama hukuona mwanzo.

Nimeshaona hili likimuumiza mtu. Mechi ya ndondo, fainali ya mtaa, dakika za mwisho timu zimefungana, kiungo kapiga pasi mpenyezo nzuri sana na kijana mdogo wa miaka kama 17 hivi katokea nyuma ya beki, katokea nyuma kabisa, mi nilikuwa nimesimama usawa ule ule nikaona, kamzunguka kipa kafunga. Mshika kibendera alikuwa anaufuata mpira kwa macho, alipogeuka kumkuta dogo yuko peke yake na kipa akanyanyua. Goli likafutwa na timu yake ikaja kufungwa kwa penati. Yule kijana nilimkuta amekaa nyuma ya mti jezi kafunika usoni. Toka siku ile ndo nikaanza kuwafundisha watu hii kitu kwa bidii, kwa sababu mtoto kafanya kila kitu sawa, kasubiri, kachomoka kwa wakati, na ujuzi wake wote ukahesabiwa kosa.

Ukitaka kujua kwamba huu wakati wa mguso ndo roho ya sheria nzima, angalia walichofanya kwenye lile kombe la dunia la 2022. Chini ya paa la uwanja kulikuwa na kamera 12 zinazofuatilia miili ya wachezaji, lakini walijua kamera peke yake haitoshi, wakaweka na kifaa ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, kazi yake kubwa ni kusema mguu umegusa mpira lini hasa. Na kwenye mashindano hayo hayo Saudi Arabia waliweka mstari wa mabeki juu sana dhidi ya Argentina, kipindi cha kwanza peke yake Argentina wakafutiwa magoli matatu kwa kuotea, na mwisho Saudi wakashinda 2-1. Mtego wa kuotea ukipangwa vizuri ni silaha, ila unahitaji mabeki wote wapande kama mtu mmoja, akibaki mmoja tu nyuma kawaharibia wote.

Sasa mchangani hatuna kamera, tuna sikio. Kama umeshika kibendera macho yako yawe kwenye usawa wa mabeki na mguu wa mpigaji usikie kwa sikio. Ukisikia ule mlio wa mguu na mpira, hiyo ndo picha yako, gandisha hapo. Kaa usawa wa mpinzani wa pili kutoka mwisho muda wote, au usawa wa mpira kama mpira uko karibu zaidi na mstari wa goli. Ukichelewa hatua mbili tu nyuma yake unaona kwa mshazari, na mshazari unadanganya.

Na kama uko kibanda umiza unaangalia tivii kumbuka kamera kubwa mara nyingi iko katikati ya uwanja, kwahiyo yanayotokea karibu na goli unayaona kwa mshazari vile vile. Angalia ile michirizi ya nyasi iliyokatwa, viwanja vingi inakatiza uwanja sambamba na mstari wa goli, itumie kama rula.

HATUA YA NNE: je, amefanya nini hapo alipo?

Kuwa eneo la kuotea peke yake sio kosa. Narudia kwa sababu huku ndo kelele nyingi zinatokea, sio kosa. Straika anaweza kusimama pale dakika tano anafunga kamba za viatu na refa hana la kumfanya. Kosa linakuja akijihusisha.

Kujihusisha kwa kwanza ni kuucheza au kuugusa mpira uliotoka kwa mwenzake, hiyo iko wazi. Kwa pili ni kumsumbua mpinzani, yani kumziba kipa asiuone mpira, kugombania mpira na beki, kujaribu waziwazi kuucheza mpira ulio karibu naye mpaka beki au kipa akashindwa kufanya kazi yake. Hajaugusa lakini kaharibu. Ukiona shuti la mbali limeingia na refa kakataa, tafuta nani alikuwa amesimama mbele ya macho ya kipa.

Kwa tatu ni kufaidika. Mwenzake kapiga shuti, mpira umegonga mwamba au mtambaa panya, au kipa kautema, ukamwangukia aliyekuwa ameotea wakati shuti linapigwa, akafunga. Hilo ni kosa. Watu wanasema "lakini umetoka kwa kipa!", hapana, kipa alikuwa anaokoa, na mpira wa kuokolewa haumsafishi mtu. Tena kuokoa sio kwa kipa tu, hata beki akizuia mpira unaoingia golini ni kuokoa.

Hii ndo sababu mshika kibendera mzuri anachelewa kidogo kunyanyua. Anasubiri aone nani ataucheza. Mnamtukana bure, anafanya kazi yake.

HATUA YA TANO: kama mpira umetoka kwa mpinzani

Mpinzani akiucheza mpira kwa kukusudia (mbali na kuokoa) ofsaidi inafutika. Beki karudisha pasi kwa kipa vibaya, straika aliyekuwa amezubaa kule mbele kaichukua, goli safi. Kombe la dunia 2018 Korea Kusini na Ujerumani, Kim Young-gwon kafunga dakika za nyongeza, kibendera juu, walipoenda kwenye VAR (yale marudio ya video ya waamuzi) wakakuta mpira ulimfikia kutoka kwa Toni Kroos, Mjerumani mwenyewe, goli likakubaliwa.

Shida ni neno kukusudia. Mpira kumgonga tu beki haitoshi. Oktoba 2021 fainali ya Nations League ya Ulaya, Ufaransa na Hispania, Kylian Mbappé alikuwa ameotea pasi inapigwa, Eric García akajirusha akaugusa mpira kidogo, refa akasema beki kaucheza, goli likabaki na Ufaransa wakachukua kombe 2-1. Mi binafsi sikulipenda lile goli, beki aliyenyoosha mguu kwa shida akaugusa kwa ncha amemsaidiaje straika kuwa halali? Na wengi walilalamika hivyo hivyo mpaka mwaka 2022 IFAB, wale wanaotunga sheria za mpira, wakatoa ufafanuzi. Sasa unaangalia kama beki alikuwa na uwezo wa kuutawala ule mpira, ulikuwa unatoka mbali akauona vizuri, hauna kasi sana, alikuwa na muda wa kujipanga. Kama alikuwa nayo hayo na bado kaharibu, shauri yake. Kama alikuwa anajinyoosha tu, ofsaidi inabaki.

Mitatu isiyo na ofsaidi ishike kwa kichwa: kona, gokiki na mpira wa kurusha. Ukipokea moja kwa moja kutoka kwenye hiyo hamna kuotea. Ila ni ule mguso wa kwanza tu! Mkipiga kona fupi, mwenzako akaurudisha kwa yule yule aliyepiga kona ambaye bado kasimama kule kwenye kibendera, picha mpya imepigwa na mara nyingi huyo keshaotea. Frikiki na penati hazimo kwenye msamaha huo.

Beki kutoka nje ya uwanja nako hakumwotezi mtu. Euro 2008 Ruud van Nistelrooy aliifungia Uholanzi goli la kwanza dhidi ya Italia, Waitaliano wakalia ameotea, lakini Christian Panucci alikuwa ameanguka nje nyuma ya mstari wa goli na sheria inamhesabu kama yuko juu ya mstari. Goli halali, mechi ikaisha 3-0.

Adhabu yake ni frikiki isiyo ya moja kwa moja, refa ananyoosha mkono juu, na inapigwa pale kosa lilipotokea. Kibendera kikinyanyuliwa juu kwanza, refa akishapuliza angalia kinaelekea wapi: kikiinamishwa chini kosa liko upande wa karibu na mshika kibendera, kikinyooka mbele ni katikati, kikiinuka ni upande wa mbali.

Vijana huwa wananiuliza kwani hii sheria iliwekwa ya nini, si waiondoe tu watu wafunge. Nawajibu wajaribu wenyewe, siku moja mchezo wa jioni tukacheza bila ofsaidi, ndani ya robo saa washambuliaji wawili wameganda golini kwa kipa, mpira unapigwa mirefu tu, katikati hamna mtu. Hata Waingereza walianza na kali zaidi, mwaka 1863 ukiwa mbele ya mpira tu umeotea, 1866 wakasema wapinzani watatu, na 1925 wakapunguza wakawa wawili kama tunavyocheza leo. Msimu uliofuata magoli ya ligi yao yalipanda kutoka 1,192 mpaka 1,703. Mtu mmoja tu kuondolewa kwenye hesabu.

HATUA YA SITA: jipime

Rudi kwenye vizibo. Chekundu A anapiga shuti kutoka nje ya kumi na nane. Chekundu B kasimama pembeni ya boksi, ameotea, mbali na kipa na hamsumbui mtu. Punje ya mhindi inagonga mtambaa panya inarudi kwa chekundu C, ambaye wakati shuti linapigwa alikuwa na mabeki wawili kati yake na goli, yani hajaotea. C anaukimbiza mpaka karibu na mstari wa goli afu anautoa pasi ya pembeni kurudi nyuma kidogo kwa B, ambaye sasa yuko nyuma ya mpira. B anafunga.

Usiangalie jibu kwanza, sogeza vizibo.

Goli. B alikuwa ameotea kwenye picha ya A lakini hakujihusisha, na C alipougusa mpira picha ya A ikafa ikazaliwa nyingine, kwenye picha ya C huyu B yuko nyuma ya mpira. Sasa ipange upya, mpira ukigonga mtambaa panya umwangukie B mwenyewe moja kwa moja, uone kibendera kinavyonyanyuka.